Je, Ni Kweli Wote Wanakunywa?

Mhariri wa gazeti letu ameniomba tena ukurasa wa hesabu, kama ule wa muhula uliopita nilioeleza habari za riba. Safari hii sitaleta riba wala pembetatu. Nataka tulihesabu neno moja tu, neno "wote", ambalo nalisikia mara nyingi katika shule yetu, na ambalo nina sababu zangu za kuliogopa. Sababu hizo nitazieleza mwishoni, kwani zanihusu mwenyewe.

Mambo yalianza hivi. Jumatatu moja asubuhi mvulana wa Kidato cha Pili aliletwa kwangu kwa kuwa alinuka pombe mstarini. Mimi si mwalimu wa nidhamu, lakini mwenzangu alikuwa safarini Mbinga, nikashika zamu yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti."

Nikamwuliza alikunywa nini. Akajibu kwamba ni komoni, makopo mawili, jana yake jioni. Nikamwuliza sababu. Akainamisha kichwa kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetaja jambo linalojulikana na kila mtu, "Lakini Mwalimu, wote wanakunywa."

"Wote ni akina nani?"

"Wote tu, Mwalimu. Wanafunzi."

Nikampa karatasi na kalamu. Nikamwambia, "Andika majina yao. Sitamwita hata mmoja, na karatasi hii nitaichana mbele ya macho yako. Nataka kuhesabu tu."

Jina la kwanza aliliandika upesi, na la pili upesi. La tatu lilimchukua muda. La nne lilikuwa la kijana wa mtaani kwao, Bombambili, ambaye shule alikwisha kuiacha zamani. Kisha kalamu ikasimama. Aliitazama karatasi, akanitazama, akasema, "Wapo wengine, Mwalimu, ila siwajui majina." Nikaichana karatasi kama nilivyoahidi. Adhabu yake aliipata na mama yake aliitwa, na hayo hayana haja ya kuelezwa hapa. Lakini mimi nilibaki na ile hesabu kichwani. Darasa lake lina wanafunzi zaidi ya 50, naye "wote" wake walikuwa watatu, na mmoja wa kuazima.

Basi nikaamua kwamba kipindi cha Ijumaa tutakifanya cha takwimu, na takwimu zenyewe tutazikusanya wenyewe. Naeleza namna tulivyofanya kwa kirefu kidogo, ili mwalimu au kiranja yeyote apendaye aweze kufanya vivyo hivyo katika darasa lake. Gharama yake ni nusu kilo ya mahindi na nusu kilo ya maharage, na vyote vyaweza kupikwa baadaye.

Kila mwanafunzi alipewa punje moja ya mhindi na haragwe moja. Mbele ya darasa niliweka makopo mawili ya maziwa ya unga, yenye vifuniko vilivyotobolewa tundu, nayo nikayaficha nyuma ya ubao mdogo. Kopo moja niliandika "jibu", na la pili nikaandika "takataka". Swali lilikuwa hili: Katika siku 30 zilizopita, je, umekunywa pombe ya aina yoyote, au umevuta bangi? Ambaye hakufanya hivyo atie mhindi katika kopo la jibu na haragwe katika kopo la takataka. Aliyefanya atie haragwe katika jibu na mhindi katika takataka. Kwa hiyo kila mtu hurudi kwenye dawati mikono mitupu, wala hapana awezaye kujua mwenzake alitia nini.

Mara ya kwanza jambo liliharibika. Haragwe ni zito kuliko mhindi, nalo likianguka katika kopo tupu hulia kwa sauti yake. Vijana wa dawati la mbele wakaanza kusikiliza na kucheka. Ikabidi nimwage zote, nitandike kitambaa ndani ya makopo, na kuanza upya. Sijuti, kwa kuwa somo la kwanza la takwimu ndilo hilo: mtu akihofia kusikiwa hajibu kweli.

Kabla hatujaanza tena, msichana mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, na togwa je?" Darasa zima likacheka, lakini swali lilikuwa zuri, na kwa sisi watu wa Ruvuma halikwepeki. Togwa tumelelewa nalo. Uji wa mahindi ukipoa hutiwa kimea cha ulezi, nao hulainika na kuwa mtamu, kisha huanza kuchachuka. Wanaochachusha togwa ni hasa bakteria watoao asidi, jamaa ya wale wa maziwa mgando. Kinachotengeneza pombe ni hamira, ambayo huila sukari na kuigeuza kuwa alkoholi. Mama zetu wanajua tofauti hiyo kwa ulimi bila darubini, nao humpa togwa mtoto na kumnyima komoni. Nikamjibu kwamba togwa si haragwe.

Kisha nikawapa kijikaratasi cha swali la pili, wasiandike majina: Kati ya kila wanafunzi 10 wa darasa hili, wewe wadhani ni wangapi waliotia haragwe?

Tulipofungua kopo la jibu nililimimina juu ya meza, wote wakaja kuona. Idadi yenyewe sitaiandika hapa, kwani niliwaahidi wanafunzi kwamba itabaki darasani, nami nataka waniamini siku nyingine. Naweza kusema hivi tu: maharage yote yalikaa katika kiganja changu kimoja, na yalikuwa na nafasi. Mahindi yalifunika kitabu cha mahudhurio. Kisha tukavipanga vile vikaratasi kuanzia namba ndogo hadi kubwa, tukaitazama ile ya katikati. Ilikuwa zaidi ya 5. Yaani darasa lililokuwa na maharage ya kiganja kimoja lilijidhania kuwa zaidi ya nusu yake ni wanywaji.

Palikuwa kimya kidogo. Halafu mvulana mmoja wa nyuma, ambaye ni mbishi na kwa hiyo nampenda, akasema, "Mwalimu, labda wenye maharage wameogopa wakatia mahindi." Nikamwambia kwamba yawezekana, na kwamba mwanahesabu asiyeuliza swali hilo hafai. Tukafanya hivi: tukachukulia kwamba kwa kila mnywaji mmoja aliyesema kweli, mmoja mwingine alidanganya. Tukaongeza maharage mara mbili, tukapunguza mahindi kwa kiasi hicho. Mahindi yaliendelea kuwa mengi sana kuliko maharage. Akasema, "Haya," akaketi.

Jioni ya siku ile, nilipokuwa nafunga ofisi, mwanafunzi mmoja alinifuata. Sitasema ni mvulana au msichana. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilidhani niko peke yangu." Nikafikiri anakiri kunywa. Kumbe alikuwa na maana nyingine kabisa. Miaka miwili amekuwa akikataa kunywa na kutoa visingizio, mara tumbo linauma, mara anatumia dawa, kwa kuwa aliamini kwamba katika darasa lote ni yeye pekee asiyekunywa, na aliona haya.

Huenda msomaji akasema, hilo ni darasa moja la Songea. Basi tutazame hesabu za mbali.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake ya pombe mwaka 2018, yenye hesabu za mwaka 2016. Kwa dunia nzima vijana wa miaka 15 hadi 19 waliokunywa pombe walikuwa milioni 155, yaani 26.5 katika kila 100. Toa 26.5 katika 100 uone kinachobaki. Karibu robo tatu ya vijana wa umri huo duniani hawakunywa. Ripoti hiyo hiyo yasema kwamba ukichukua watu wote wa dunia kuanzia miaka 15, pamoja na wazee, 57 katika kila 100 hawakuwa wameonja pombe kwa muda wa miezi 12. Kwa hiyo hata miongoni mwa watu wazima, asiyekunywa ndiye aliye wengi.

Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kimewauliza wanafunzi maswali ya namna hii kila mwaka tangu 1975. Vijana wetu huziona sinema za Kimarekani, ambamo kila sherehe ya wanafunzi ina chupa mezani, nao hudhani ndiyo hali ya huko. Mwaka 2024, kati ya kila wanafunzi 100 wa darasa la 12, ambao ni rika la miaka 17 na 18, 67 walisema kwamba katika siku 30 zilizopita hawakugusa pombe, wala bangi, wala sigara ya aina yoyote, pamoja na zile za umeme. Mwaka 2017 walikuwa 53. Katika darasa la 10 walikuwa 80 katika 100, na katika darasa la 8 walikuwa 90. Nchi ile ina fedha nyingi na vilevi vingi, na bado walio wengi hawamo.

Karibu na kwetu, watafiti waliwauliza vijana 1,954 wa Kilimanjaro na Mwanza wenye umri wa miaka 15 hadi 24, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Walikuwamo wanafunzi wa sekondari, wanafunzi wa vyuo, waajiriwa na vibarua. Kwa upande wa wanaume, kundi lililoongoza kwa kunywa lilikuwa la wanafunzi wa vyuo, nao walikuwa 45 katika kila 100. Nawaomba wale wa Kidato cha Nne wanaodhani kwamba mtu akifika chuo hana budi kunywa, waitazame namba hiyo tena. Hata katika kundi linaloongoza, katika mikoa ambayo mmoja wake una sifa ya mbege tangu zama za babu, wasiokunywa wapita nusu.

Sitaki mtu adhani nasema kwamba tatizo ni dogo. Vijana milioni 155 ni wengi kuliko watu wote wa Tanzania. Na wale 45 wa vyuoni si wachache hata kidogo. Nasema tu kwamba si wote.

Sasa yafaa tujiulize: kosa hili latoka wapi? Wanafunzi wangu si wajinga. Wanahesabu milinganyo vizuri. Mbona wakihesabu wenzao wanakosea kwa kiasi kikubwa hivyo?

Jibu moja ni rahisi. Mlevi huonekana. Kijana mmoja akipita usiku katika barabara ya Mfaranyaki akiimba na kugonga mageti, mtaa mzima huamka na asubuhi mtaa mzima humzungumza. Usiku ule ule vijana mamia wamelala, na hapana anayesema asubuhi, "Je, mmesikia jinsi fulani alivyolala?" Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tumehesabu madebe kwa sauti zake. Tena yule aliyekunywa huongeza chumvi. Makopo mawili Jumapili huwa matano Jumatatu darasani.

Jibu la pili lahusu wale wanaonyamaza. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Marekani, Wesley Perkins na Alan Berkowitz, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo kimoja katika jimbo la New York. Waliona kwamba wengi wa wanafunzi wale walikuwa na msimamo wa kiasi kuhusu pombe, lakini kila mmoja alidhani wenzake wanaukubali ulevi kuliko yeye. Kwa kudhani hivyo, hunyamaza. Na akinyamaza, mwenziwe humtazama na kumhesabu pamoja na wanywaji. Hivyo kila mmoja huwa shahidi wa uongo bila kutamka neno. Yule mtoto aliyenifuata jioni alikuwa hivyo: kila alipotoa kisingizio cha tumbo, wenzake walimhesabu kuwa mnywaji mgonjwa.

Kwa bangi kosa ni lile lile, tena kwa jina jingine. Utasikia kwamba "wote" wanaofaulu wanavuta, au "wote" wanaolima sana wanavuta. Tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na bangi imo ndani yake, kulima na kuvuta. Mimi naongeza tu kwamba wanafunzi wangu bora wa hesabu kwa miaka mingi nawafahamu, na macho yao nayafahamu.

Hapa nina neno kwa wazazi, ambao najua huusoma ukurasa huu kabla ya watoto.

Sitawasema mama zetu wapikao komoni. Wapo walimu katika nchi hii, na mimi ni mmojawapo, ambao sare na ada yao ilitoka katika pipa la pombe. Mama yangu alipika, nami nilibeba maji na kuni. Lakini alikuwa na sheria moja: mtoto hubeba maji kuingia, habebi pombe kutoka. Siku hizi naona mtoto wa miaka 10 akitumwa kilabuni na dumu, akingojea kati ya miguu ya watu hadi lijazwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwita mtoto kila mtu aliye chini ya miaka 18, nayo yakataza kumwuzia kileo. Muuzaji akimpa dumu mtoto aliyetumwa na babaye, huyo muuzaji amekosa, lakini babaye je?

Mtakumbuka pia vile viroba, pombe kali za mifuko ya plastiki. Vilikuwa vya bei ndogo na viliingia katika mfuko wa kaptura ya shule bila kuonekana. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi, 2017. Siku zile nilikuwa nikikusanya mifuko yake mitupu katika mfereji wa nyuma ya madarasa. Siioni tena. Kwa hiyo wasemao kwamba mambo haya hayawezi kubadilika wamekosea, kwani mfereji ule nimeutazama mwenyewe.

Nao watu wa Iceland, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Ulaya, wana habari nzuri ya kuiga. Mwaka 1998, kati ya kila vijana 100 wa kule wenye miaka 15 na 16, 42 walikuwa wamelewa katika siku 30 zilizopita. Mwaka 2016 walikuwa 5. Walifanya mengi, lakini mawili naona yanatuhusu. Waliwapa vijana michezo na muziki baada ya masomo, na si kuwahubiria tu. Na wazazi walikubaliana pamoja, wala si kila nyumba peke yake, kuhusu saa ya mtoto kuwa nyumbani. Huko hata sheria yasema kwamba wenye miaka 13 hadi 16 wasiwe nje peke yao baada ya saa 4 usiku wakati wa baridi. Nimelitaja hili kwa sababu mzazi naye ana neno lake "wote". Huniambia, "Mwalimu, nitamfungia vipi ndani, na wenzake wote wako nje?" Jirani yake naye hunambia maneno hayo hayo juu ya mwanawe.

Sasa nifike kwenye zile sababu zangu nilizoahidi.

Mwaka 1996 nilikuwa Kidato cha Pili. Likizo ya mwezi wa sita ilikuwa imeanza, mahindi yanavunwa, na baridi ya Songea ile mnayoijua. Tulikuwa wavulana watatu, marafiki tangu darasa la kwanza. Jioni moja tulitoka kupeleka magunia, tukiwa na fedha kidogo ya ujira, tukapita karibu na kilabu kimoja nje kidogo ya mji, upande wa Matogoro. Mmoja wetu akasema, "Twende tukaone." Ni hivyo tu alivyosema, kwenda kuona. Mimi nikafikiri: huyu amezoea. Wa pili akasema, "Twende," nami nikafikiri: na huyu pia. Nikaona haya kuwa mtoto peke yangu, nikasema kwa sauti nene, "Haya, twendeni, mwachelewa nini?"

Tukanunua kopo moja la komoni, likazunguka. Nilimeza kwa shida. Ilikuwa chachu na nzito, nikajikaza nikatabasamu, nikasema ni nzuri. Nao wakasema ni nzuri. Tukanunua la pili.

Mimi nilitapika njiani, na mama akaijua harufu ile kuliko mtu yeyote. Sikurudia, kwa kumwogopa yeye na si kwa hekima. Wa pili alirudia mara chache, kisha shule ikambana. Lakini yule wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa mdogo wetu, mwenye miaka 14, alirudi wiki ile ile, na wiki iliyofuata. Kidato cha Tatu hakukimaliza. Watafiti wa Marekani waliandika mwaka 1997 kwamba kati ya watu walioanza kunywa kabla ya miaka 15, zaidi ya 40 katika kila 100 walifikia siku moja kuwa watumwa wa pombe, na kati ya wale walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi ni kama 10 katika 100. Nilipoisoma hesabu hiyo mara ya kwanza nilikifunga kitabu, kwa sababu nilimwona yeye.

Miaka mingi alikuwa mtu wa kuokotwa barabarani. Shamba la baba yake liliuzwa kipande kwa kipande. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, nikarudi, nikawa napita naye njiani nikimsalimu kwa haraka kama mtu mwenye deni.

Mwaka 2019 tulikuwa msibani, mimi na yule wa pili, ambaye sasa ni fundi huko Mbeya. Usiku tulikaa motoni tukakumbuka mambo ya utotoni, nikamwambia, "Nyinyi mlinifundisha pombe siku ile ya magunia." Akanishangaa. "Sisi? Mimi nilikuwa sijawahi kuonja. Niliwafuata ninyi." Nikamwuliza, na yule aliyesema twende tukaone? Hatukujua. Asubuhi tukaenda kumwuliza, kwani alikuwa ameacha kunywa, na hadi leo hajagusa tena. Tulimkuta akipukuchua mahindi. Alitusikiliza, kisha akasema kwamba aliposema kwenda kuona alikuwa na maana ya kuona, kwa kuwa alisikia ngoma inapigwa. Aliona jinsi mimi nilivyosema "mwachelewa nini", akadhani mimi ni mzoefu, akaogopa kuchekwa.

Hapakuwa na mnywaji hata mmoja kati yetu watatu. Mimi ndiye niliyepaza sauti.

Nilimwomba radhi, naye akacheka akasema kwamba kopo la kwanza labda lilikuwa langu, lakini yale yaliyofuata yote aliyanunua mwenyewe. Hilo ni neno la ukarimu, nami sikulipokea lote.

Baada ya kile kipindi cha Ijumaa nilikwenda kumtembelea nikamweleza habari ya makopo ya maziwa, mahindi na maharage, na kitambaa nilichotandika ili haragwe lisilie. Aliuliza maswali mengi kuliko darasa. Alitaka kujua kama waliotia haragwe walicheka au walinyamaza. Kisha akasema, "Siku ile tungetia sisi, zingetoka punje tatu za mahindi." Nikasema ndiyo, tatu. Akaniuliza kama Kidato cha Tatu nacho nimekwisha kukihesabu. Nikamwambia bado, ni muhula ujao. Akaingia ndani akaniletea mahindi ya kutosha madarasa yote, yaliyochaguliwa, punje za ukubwa mmoja. Maharage, akasema, ninunue mwenyewe.